Majusi Mwenye Chale



Majilio yaliyopita tulikuwa mafrateri watatu katika utume wa kichungaji kwenye parokia moja ya Kilwa Masoko, na Paroko alitukabidhi kazi ya kuandaa pango la Krismasi. Sanamu za pango lile ni za plasta, ndogo, kimo chake hakizidi kiganja cha mkono. Tulipofungua sanduku tukamkuta mmoja wa Mamajusi amevunjika shingo, na uso umekuwa unga. Paroko akamtazama, akasema, "Tengenezeni mwingine. Awe wa kwetu."

Maneno hayo, "awe wa kwetu", tuliyapokea kwa shangwe. Tulikuwa tumetoka darasani, vichwa vimejaa somo la utamadunisho. Tuliujua Mtaguso wa Pili wa Vatikano na hati yake ya mwaka 1965 juu ya umisionari, inayotufundisha kutambua mbegu za Neno zilizofichika katika mila za watu. Tulijua pia kwamba Mathayo hasemi Mamajusi walikuwa wangapi, wala walikuwa na sura gani; idadi ya watatu na taji vichwani ni mapokeo yaliyokuja baadaye. Nafasi ilikuwa wazi. Tukakubaliana: Majusi wetu atakuwa mzee wa Kimakonde, mwenye chale usoni.

Kwa nini chale? Hapa tunapaswa kusema kweli. Mmoja wetu alikuwa ameona katika simu picha ya sanamu ndogo ya chifu wa Wamaori, wenyeji wa New Zealand, iliyopakwa rangi na fundi stadi. Mistari ya uso wake ilizunguka puani, mashavuni na kidevuni kama mawimbi. Tukavutiwa. Tukasema, na sisi huku kusini tunao watu waliochorwa nyuso. Kwa hiyo, tangu mwanzo, tulichokuwa tunakitafuta kilikuwa ni uzuri wa mistari. Mtu mwenyewe hatukuwa tumemfikiria bado.

Tulikwenda kwa fundi seremala jirani na kanisa, Mwislamu, mtu mwema anayetutengenezea mabenchi. Alitupa kipande cha mwembe, akatukatia umbo la mwili na joho. Kichwani akasimama. "Hapo mtamaliza wenyewe mafrateri," alisema akicheka, "mimi uso simchongei mtu." Tulimshukuru, tukachukua kisu na msasa. Siku nne tulichonga kichwa kisichozidi ukubwa wa embe dogo bichi, lile linaloanguka kabla ya wakati wake.

Kisha ikaja kazi ya rangi. Anayedhani kupaka sanamu ndogo ni mchezo wa watoto ajaribu. Kwanza tulipaka gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, ili mti usinywe rangi. Juu yake tukapaka kahawia. Tuligundua haraka kwamba ngozi ya mtu haina rangi moja: paji la uso hung'aa, chini ya macho kuna giza, midomo ina uwekundu wa udongo. Brashi za dukani zilikuwa nene mno, tukafunga nyuzi chache za manyoya ya mbuzi kwenye njiti ya ufagio wa chelewa. Kwa chale hatukutaka kuchora tu, maana chale halisi huwa imeinuka au imezama katika ngozi. Tukakumbuka vinyago vya mapiko vya Wamakonde, ambavyo baadhi yake chale zake hubandikwa kwa nta ya nyuki. Nasi tukayeyusha nta kidogo, tukaivuta kwa sindano, mstari baada ya mstari. Halafu tukapitisha rangi nyepesi ya bluu nyeusi yenye maji mengi, iingie pembeni mwa kila mstari. Mwisho tukachovya brashi, tukaikausha karibu yote kwa kitambaa, tukapitisha juu kwa juu, na mistari ikatokeza.

Mistari yenyewe tuliitoa katika picha mbili za zamani. Paji la uso tulichukua katika picha moja na mashavu katika nyingine, kwa kuwa kila moja ilipendeza mahali pake. Tulipomaliza tuliona kazi ni njema sana.

Jumapili ya tatu ya Majilio, baada ya Misa, tukamweka Majusi wetu juu ya meza mlangoni ili watu wamwone. Watoto wa Utoto Mtakatifu ndio waliowahi kufika. Mmoja akapaza sauti, "Mmawia! Mmawia!" Wengine wakadakia. Kwa msomaji asiyefahamu, Wamawia ni jina walilopachikwa Wamakonde waliotoka ng'ambo ya Ruvuma, kwa maana ya watu wakali, na wenyewe hawakulipenda. Watoto wakaanza kukunja nyuso na kutisha wenzao. Na sisi, mafrateri watatu wenye kanzu nyeupe, tukacheka. Hatukucheka sana, ila tulicheka.

Hapo ndipo tulipomwona Bibi. Ni mzee wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya jirani, hukaa benchi la mwisho karibu na mlango wa pembeni, na siku zote hujitanda khanga hadi karibu na macho. Tulidhani ni desturi ya wanawake wa pwani. Alikuwa amesimama nyuma ya watoto. Alimtazama Majusi, akatutazama sisi, akavuta khanga ikafunika na pua, akaondoka kwa mlango ule ule wa pembeni. Mama mmoja wa WAWATA akatuambia kwa sauti ya chini, "Nanyi hamjui? Bibi amechanjwa uso mzima."

Jumapili iliyofuata Bibi hakuja kanisani.

Usiku ule tulibishana chumbani. Mmoja wetu alisema labda kosa letu ni kubwa zaidi ya kucheka: je, Mambo ya Walawi 19:28 haikatazi kuchanja mwili na kuandika alama? Pengine tusingeileta alama hiyo pangoni kabisa. Tukafungua Biblia, tukasoma sura yote. Aya ile inahusu desturi za kuwaombolezea wafu zilizokuwapo kwa mataifa jirani na Israeli, na inakaa pamoja na katazo la kunyoa pembe za ndevu. Ndugu zetu wanaoitumia aya hiyo kuwahukumu wazee wetu huwa wamenyoa ndevu vizuri. Tukakumbuka pia tarehe 19 Machi 2018 mjini Roma, Papa Fransisko alipoulizwa na mseminari mmoja kuhusu vijana na michoro ya mwilini. Aliwaambia wasiogope, akawakumbusha Wakristo wa Eritrea ambao tangu karne nyingi wamechorwa msalaba kwenye paji la uso. Alama, alieleza, ni mahali pa kuanzia mazungumzo.

Mazungumzo! Sisi tulikuwa tumechonga siku nne na kupaka siku sita, na hatukuwa tumezungumza na mtu yeyote.

Basi tukaenda nyumbani kwa Bibi, tumebeba sukari, sabuni na Majusi ndani ya kitambaa. Tulimkuta uani anapepeta mchele.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Karibuni mkeka."

Tukamwomba radhi. Hatukuzunguka. Tulimwambia tulicheka, na tumekuja kwa sababu hiyo. Alinyamaza kwa muda, akaendelea na ungo wake. Kisha akasema, "Nileteeni huyo mtu wenu."

Alimshika Majusi mkononi, akamgeuza kwenye mwanga. Tulitegemea atasifu au atakemea. Badala yake aliuliza, "Huyu ni nani?"

Tukajibu ni mmoja wa Mamajusi.

"Hilo nimelijua. Nauliza ni nani. Paji la uso ni la mtu mmoja, mashavu ni ya mtu mwingine. Mmempa uso wa watu wawili. Huyu hana mama."

Ndipo alipoishusha khanga. Tulikuwa tumemhudumia Komunyo mara nyingi, lakini siku ile ndiyo mara ya kwanza tulipouona uso wake: pembe zilizopangana mashavuni moja ndani ya nyingine, mistari ya kupinda juu ya nyusi, na kitundu kilichoziba juu ya mdomo palipokaa ndonya.

Alituhadithia kwamba alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, kwenye uwanda wa juu wa Mueda, na alichanjwa akiwa msichana. Fundi alikuwa mtu mwenye kazi yake, na watu walimtambua fundi kwa mkono wake, kama mnavyotambua mwandiko. Alikata kwa kisu kidogo, akapaka masizi ya mbegu za nyonyo. Kidonda kikipona, alirudia tena mahali pale pale ili alama isipotee. "Mama ndiye aliyenishika kichwa," alisema. "Aliniambia nisilie, nami sikulia."

Kisha vita vya ukombozi vya Msumbiji vikaanza, mwaka 1964, na watu wengi wakavuka mto kuja upande huu. Wapo Wamakonde waliokuwa wametangulia zamani, wakifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Lindi. Bibi alivuka na dada yake. Mama alibaki. Alibatizwa upande huu, akaolewa na mkata mkonge, akazaa, akahamia Kilwa. Siku za mafundisho ya ubatizo, mtu mmoja aliyewafundisha alimwambia kwamba maji yatafuta dhambi zote lakini uso ule utabaki kumkumbusha giza alikotoka. Tangu siku hiyo akaanza kujitanda.

"Mama sikumwona tena," alisema. "Picha yake sina. Basi nikijishika hapa," na akaweka kidole shavuni, "ni yeye kanishika."

Hatukuwa na la kusema. Tulikuwa tumejifunza seminarini kwamba Ubatizo humtia mtu alama ya kiroho isiyofutika, na kwamba kwa sababu hiyo haurudiwi. Tulikuwa tumejibu swali hilo katika mtihani. Lakini hatukuwahi kuketi mkekani na mtu mwenye alama mbili zisizofutika, moja aliyotiwa na Kanisa na nyingine aliyotiwa huku mama amemshika kichwa, ambaye aliambiwa na mmoja wetu kwamba ya kwanza inaionea haya ya pili. Mtakatifu Toma wa Akwino anafundisha kwamba neema haiharibu maumbile, bali huyakamilisha. Maji ya Ubatizo yaliyopita juu ya uso ule yaliukuta uso wa binti wa mtu.

Tulipata ujasiri tukamwomba: je, aturuhusu tuchore chale zake kwenye sanamu?

"Zangu hapana," alijibu mara moja. "Hizi ni za mama, nitakwenda nazo. Tena mimi ni mwanamke, huyu wenu ana ndevu." Akacheka kwa mara ya kwanza. Akafikiri. "Mchoreni mjomba. Alikuwa mzee wa kaja letu. Huyo angependa kwenda kumwona mtoto."

Tunaomba msomaji azingatie neno hilo. Wamakonde hawakuwa na mfalme mmoja juu ya wote. Kila kaja, yaani makazi ya ukoo, lilikuwa na mzee wake, na kwa kuwa ukoo huhesabiwa upande wa mama, mjomba ndiye aliyebeba heshima ya nyumba. Sisi tulitafuta chifu mwenye taji. Bibi alitupa mjomba.

Alisawazisha mchanga wa uani kwa kiganja, akachora kwa kidole. Hapa paji la uso. Hapa shavu la kulia, pembe tatu. Hapa shavu la kushoto, pembe tatu, ila ya mwisho ni fupi, haikufika. Tukauliza kwa nini. "Hapo alitikisika," alisema. "Alikuwa kijana. Watu walimtania mpaka uzeeni."

Tulinakili kwenye daftari mstari kwa mstari, pamoja na ule mfupi.

Njiani kurudi tulizungumza juu ya Kilwa Kivinje, mji ambao katika karne ya 19 ulikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa. Misafara ilishuka pale kutoka bara, hata kutoka nchi za Ziwa Nyasa. Mtu aliyeuzwa aliweza kunyang'anywa kila kitu, hata jina akapewa jipya. Lakini aliyekuwa na chale alibaki nazo. Mnunuzi hakuweza kuzivua kama nguo. Aliyezijua angeweza kumtazama na kusema, huyu ana kwao. Wamaori nao, tuliowaona katika picha ya simu, walizihesabu alama za nyuso zao hivyo: mkataba wa Waitangi wa mwaka 1840 baadhi ya machifu waliutia sahihi kwa kuchora sehemu ya alama za nyuso zao. Uso ulikuwa sahihi. Na kwa kuwa wageni walipenda uzuri wa mistari kuliko mtu, vichwa vya wafu wao vikanunuliwa na kupelekwa katika makumbusho ya Ulaya. Mwaka 2012 Ufaransa iliwarudishia 20.

Hata kwetu yametokea mambo yanayofanana na hayo. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijapoa, mtaalamu Mjerumani Karl Weule alishuka Lindi, akaenda hadi Masasi na Newala, akipiga picha na kukusanya vitu kwa ajili ya makumbusho. Chini ya picha za zamani za namna hiyo, mara nyingi huandikwa kabila tu. Na mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, kikaishia katika makumbusho ya watu binafsi Geneva, hadi kiliporudishwa mwaka 2010. Tulipokuwa tukisimulia habari ya kinyago hicho tuliona aibu, maana nasi tulikuwa tumechukua nyuso mbili katika picha, hatukuuliza ni za nani, tukazikata na kuziunganisha. Mtu huweza kuiba uso bila kuvunja kufuli.

Tuliirudia kazi. Nta ya kwanza tuliikwangua yote. Usiku tatu tulipaka kwa mwanga wa taa ya sola, tukifuata daftari. Safari hii mkono ulikuwa mzito zaidi, kwa sababu kila mstari ulikuwa na mwenyewe. Tulipofika kwenye pembe fupi ya shavu la kushoto, aliyeshika sindano alisimama kidogo. Mazoea ya mchoraji ni kusawazisha. Akaacha pale pale alipotikisika mjomba.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipoandaa Krismasi ya Greccio mwaka 1223, alitaka watu waone kwa macho jinsi Mtoto alivyolala katika nyasi, kati ya ng'ombe na punda. Alitaka waone kwamba Mungu amekuja mahali penye watu kweli. Neno hakutwaa mwili wa jumla. Alikuwa na uso ambao Mama yake angeweza kuutambua gizani kwa kuugusa. Hata baada ya kufufuka hakuzifuta alama zake: Tomaso alionyeshwa mikono na ubavu, na kwa alama hizo akamjua Bwana wake.

Sikukuu ya Tokeo la Bwana, Paroko alitwita sisi tueleze sanamu. Hatukutoa hotuba. Tuliwaambia watoto kwamba huyu ni mjomba wa Bibi yetu mmoja, alikuwa mzee wa kaja ng'ambo ya Ruvuma, na kwamba sisi mafrateri tulimcheka na tumeomba msamaha. Bibi alikuwapo, benchi lile lile la mwisho, khanga ile ile. Hakuishusha mbele za watu, wala hatukumwomba. Baada ya Misa alisogea pangoni, akamtazama mjomba kwa muda mrefu. "Masikio mmeyazidisha," alisema. Akamnyanyua, akamsogeza mbele ya wale wawili wa plasta, karibu na Mtoto.

Siku hizi watoto hawasemi Mmawia wakipita pale. Wanasema, "Mjomba." Na wiki moja baadaye, tukifagia kanisa, tulimsikia binti mdogo aliyeketi na Bibi kizingitini akimwuliza, "Bibi, iliuma?"

"Iliuma," alijibu Bibi, na akaishusha khanga kidogo ili mtoto aone.

Wapendwa waseminari wenzetu na waamini, katika parokia zetu za Kilwa, Lindi na kwingineko, wapo wazee wanaokaa karibu na mlango wa pembeni. Baadhi yao walikalishwa huko na maneno yetu. Miaka si mingi ijayo nyuso hizo zitakuwa zimezikwa, na tutabaki na picha zisizo na majina. Kabla hatujawachonga, hatujawapiga picha wala kuwahubiria, tuketi kwanza mkekani, tuwaulize: wewe ni nani, na nani alikushika kichwa?